Mashine Pepe na Upungufu wa "Kuwasha Upya"

Msamiati wa kompyuta kwa Kiswahili umekwisha kukua. Tangu Jambo OpenOffice ilipotolewa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2004, mfasiri hana udhuru wa kusema kwamba lugha haina maneno. Lililobaki ni kuyapima: je, yapambanua mambo yaliyo mbalimbali?

Mashine pepe ni kompyuta isiyo na chuma chake yenyewe, bali huendeshwa na programu ndani ya kompyuta nyingine. Jina hili lafaa. Mkulima wa mpunga wa Mbingu, katika bonde la Kilombero, ayajua mapepe: ganda lipo, punje hamna. Huenda akaikaribia maana upesi kuliko mtu wa mjini aliyezoea barua pepe tu.

Kosa li katika "kuwasha upya", ambayo hutumiwa kwa matendo mawili. Katika la kwanza, mfumo ulio ndani ya mashine pepe hujifunga na kuanza tena, ilhali programu inayoubeba haikusimama. Katika la pili, mashine pepe yenyewe huzimwa kabisa, kisha huwashwa. Tofauti hii si ya maneno matupu. Dosari za prosesa ziitwazo Spectre na Meltdown zilipotangazwa mwaka 2018, mashine pepe za VMware zilihitaji kuonyeshwa sifa mpya za prosesa. Tendo la kwanza halikutosha, likatakiwa la pili. VMware ina agizo, vmx.reboot.PowerCycle, ambalo huligeuza tendo la kwanza kuwa la pili pasipo mkono wa mtu. Sasa mwongozo wa Kiswahili ukisema kwamba agizo hili "huiwasha upya mashine inapowashwa upya", msomaji amepata nini?

Yatosha kutazama mashine ya kukoboa mpunga. Mkanda ukivuliwa, koboleo husimama na injini yaendelea kunguruma. Lakini atakaye kubadili puli ya injini sharti aizime injini.

Basi tendo la kwanza liitwe kuanza upya, na la pili kuzima na kuwasha. Kitenzi "kuanza" hakidai mtendwa, nao mfumo huanza wenyewe. "Kuzima" na "kuwasha" vyadai mtenda aliye nje ya kitu. Sarufi imekwisha kuipa tofauti hiyo mahali pake. Huenda ikasemwa kwamba maneno matatu ni marefu mno kwa kitufe, lakini mafundi huyasema kila siku, wala hakuna aliyewataka wayafupishe.