Bibi wa Utetela: Nasaba na Hila katika Maisha ya Tippu Tip

Msomaji wa Kindu, kando ya mto Lualaba, anayetafuta asili ya babu zake waliotoka Unguja anaweza kuyatarajia mengi katika Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip. Matini hiyo, iliyochapishwa na Heinrich Brode huko Berlin mnamo 1902 na 1903, inaitaja miji ya Maniema, Nyangwe na Kasongo, na inawataja wafanyabiashara wakubwa kwa majina na nasaba zao.

Hata hivyo, kisa cha Kasongo Rushie, mtawala wa Utetela, kinamtahadharisha mtafutaji huyo. Msimulizi, mzaliwa wa Unguja, anapata kwanza habari za wanawake wawili wa ukoo wa mtawala waliotekwa zamani. Kisha anadai kuwa mmoja wao alinunuliwa na babu yake, Habib bin Bushir, naye ndiye bibi yake mzaa mama. Dai linakubaliwa, na mgeni anakabidhiwa utawala.

Ubora wa kisa hiki ni kwamba mpangilio wake wenyewe unaifichua hila. Kasoro yake ni kwamba mwanamke aliyetekwa hapewi sauti, na wapagazi hubaki kundi tu. Kwa hiyo nasaba humo ni hoja ya kudai mamlaka kuliko daftari la ukoo. Mjukuu wa mpagazi hana budi kuisoma sambamba na masimulizi ya wazee wa Maniema, hasa ya upande wa kuukeni.