“Tutampiga”: Kiambishi Kimoja na Vita vya Kagera

Kila Mtanzania anaijua hotuba ya Nyerere ya tarehe 2 Novemba 1978, hata aliyezaliwa miaka 20 baadaye. Uwezo, sababu, nia. Maneno hayo matatu yameshakuwa kama methali. Tunayasikia kwenye mpira, tunayasikia kwenye kampeni. Lakini tukiisoma hotuba ile kwa jicho tunalosomea shairi, neno la kulitazama ni kitenzi kinachoyabeba hayo matatu: kumpiga.

Hebu tulikate vipande. Ku-m-piga. Hiyo -m- ya katikati ni kiambishi cha mtendwa, na mtendwa hapa ni mtu mmoja, Idi Amin. Tamko lenyewe halisemi tutaipiga Uganda, wala tutawapiga Waganda. Ni yeye tu.

Uteuzi huo ulikuwa na kazi kubwa. Tanzania ilijitambulisha kama nchi isiyofungamana na upande wowote, na ni Nyerere mwenyewe aliyepigania azimio la OAU mjini Cairo, mwaka 1964, kwamba mipaka tuliyoachiwa na wakoloni iheshimiwe. Kweli, kwa Uganda hatukuwa watazamaji kamili. Tulimpokea Obote alipopinduliwa mwaka 1971, na Septemba 1972 wafuasi wake walivuka mpaka kutoka kwetu wakashindwa. Yakafuata Makubaliano ya Mogadishu, pande zote zikaahidi kuachana. Kwa hiyo majeshi ya Amin yalipovamia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, ilibidi yapatikane maneno ya kuiingiza vitani nchi iliyokuwa ikihubiri ujirani mwema. Kiambishi -m- kilitoa njia: unaweza kupigana bila kumchukia jirani. Mtu wa Bukoba na mtu wa Masaka wanabaki ndugu, wanakunywa ziwa moja.

Sasa, -m- ina gharama yake. Ardhi ina mpaka, mtu hana. Kama kitenzi kingekuwa “tutaikomboa Kagera”, sentensi ingeishia Mutukula. Lakini ukisema utampiga mtu, naye akarudi nyuma, itabidi umfuate. Januari 1979 jeshi letu liliichukua Mutukula. Tarehe 11 Aprili lilikuwa ndani ya Kampala. Sidai kwamba sarufi ndiyo iliyobeba bunduki. Nasema hotuba ilijibu maswali matatu, tunaweza, kwa nini, tunataka, ikaacha la nne: mpaka wapi?

Jibu la swali hilo lilifika hadi Mwanza, kutoka angani. Libya ilikuwa imeingia upande wa Amin, na mwishoni mwa Machi 1979 ndege yake ya mabomu ilikuja kulenga ghala la mafuta mjini. Ikakosa. Ikapiga Saanane, kile kisiwa cha wanyama tunachokiona kutoka Capri Point. Wanyama wakafa. Hebu jaribu kuliandika tukio hilo kwa sarufi ya hotuba: nani alimpiga nani? Vita vilivyoanza na mtu mmoja vilikuwa vimeita nchi ya jangwani, vikaua swala katikati ya Ziwa Viktoria.

Fasihi yetu ilikifuata kiambishi kile kwa uaminifu. Tazama majina tu: *Kuzama kwa Idi Amin* cha Baldwin Mzirai (1980), *Utenzi wa Vita vya Kagera na Anguko la Idi Amin Dada* wa Henry Muhanika (1981). Kote, mwisho unaoahidiwa jaladani ni mtu kuanguka. Lakini vita havikuishia alipoangukia yeye. Julai 1979, mkutanoni Monrovia, Nimeiri na Obasanjo walituuliza hadharani kuhusu mipaka ileile tuliyoitetea Cairo. Na nyumbani tukaambiwa tufunge mkanda kwa miezi 18. Waliokuwa watu wazima wakati ule watakwambia kama iliisha.

Mimi naamini sababu ilikuwepo, na Amin alistahili kuondoka. Ndiyo maana nataka masimulizi yanayoweza kustahimili swali la nne. Riwaya ya vita vya Kagera ninayoisubiri haianzii ukumbi wa Diamond Jubilee kwenye makofi. Inaanzia Saanane, asubuhi ya baada ya mabomu, kwa mfanyakazi anayehesabu mizoga bila kujua bado ni vita vya nani.