Habari za Ukoo Zinapoandikwa: Tippu Tip na Mbotela

Kitabu cha Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, kimesomwa kwa muda mrefu kama ghala ya habari za safari za bara. Wanahistoria wamekitafutia tarehe na majina ya wafalme; wataalamu wa lugha wamekitafutia sarufi ya Kiswahili cha Unguja cha karne ya 19. Kazi zote mbili zina faida. Walakini lipo swali lisiloulizwa vya kutosha: habari za jamaa, zilizozoea kusimuliwa barazani kwa watu wazijuao nusu yake tayari, hupatwa na nini zitiwapo katika karatasi?

Asili ya maandishi hayo yajulikana. Dr. Heinrich Brode, Mjerumani aliyekaa Unguja, alimhimiza mzee huyo aandike maisha yake, naye akayaandika kwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Brode akayageuza kwa herufi za Kirumi, yakapigwa chapa Berlin mwaka 1902 na 1903. Maneno ya asili, pamoja na tafsiri ya Kiingereza ya W. H. Whiteley, yalitoka katika nyongeza za jarida la Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki mwaka 1958 na 1959.

Mwanzo wake ni wa ajabu kidogo. Mwandishi haanzi na kuzaliwa, wala malezi, wala mama yake. Aanza na umri wa miaka 12, aliposafiri safari za karibu kwa biashara ya sandarusi pamoja na nduguye na mjomba wake. Jamaa hao watajwa kwa majina yao na ya baba zao, kisha hapana neno juu ya sura zao wala tabia zao. Wako walioona kwamba huu ni ukavu wa kalamu. Yafaa zaidi kusema kwamba ni adabu ya baraza: asikilizaye amjua mwenye jina, na aelezaye lijulikanalo huonekana mpayukaji. Seyyida Salme, aliyetoa kumbukumbu zake kwa Kijerumani mwaka 1886, aliwaandikia kwanza watoto wake waliolelewa Ujerumani; kwa hiyo ilimlazimu kueleza nyumba ya Mtoni, mavazi, vyakula na sikukuu. Tippu Tip hakuwa na watoto wa namna hiyo mbele yake.

Lakini mahali ambapo habari ya ukoo yaonekana nguvu zake zote ni katika sehemu ya Utetera. Akiwa njiani, Tippu Tip asikia kwamba zamani jamaa wawili wa kike wa Kasongo, mfalme wa nchi hiyo, walichukuliwa mateka na watu wa Urua. Afikapo kwa Kasongo, adai kwamba mmoja wao ndiye bibi yake mzaa mama. Kasongo akubali, na mgeni apewa ufalme. Cameron alipokutana naye mwaka 1874, alikuwa amekwisha kuwa mtawala huko. Ukoo wa mama yake, kama ujulikanavyo, ni wa Waarabu. Na mpango wa habari wenyewe, kusikia kwanza kisha kudai, wamwachia msomaji kufahamu yaliyotendeka. Mwandishi hajitetei wala hacheki. Yaelekea alijua kuliko wasomaji wake wa baadaye kwamba nasaba ni dai, na kwamba dai lahitaji msikilizaji anayetaka kuliamini. Baba yake naye alikuwa amemwoa Karunde, binti Fundikira wa Unyanyembe, na cheo chake huko kilipata nguvu kwa ujamaa huo. Mtoto alikuwa amekwisha kuona mfano.

Kwa hiyo si haki kukipima kitabu hiki kwa ukweli wa tarehe peke yake. Kila habari ya jamaa iliyomo yapasa kuulizwa ilimfaa nani iliposemwa kwa mdomo, na yamfaa nani sasa ilipoandikwa.

Swali hilo hilo lapasa kuulizwa juu ya Uhuru wa Watumwa cha James Mbotela, kilichotolewa London na Sheldon Press mwaka 1934. Hapa mkondo wageuka. Mwandishi ni mtoto wa Frere Town, mji uliowekwa na misheni karibu na Mombasa kwa ajili ya waliokombolewa, na habari zake ni za wazee waliotekwa. Shukrani kwa Waingereza zimejaa mno. Yawezekana kumlaumu kwa hilo, na wengi wamemlaumu. Hata hivyo waliosimulia walihitaji kueleza jinsi watu wa makabila mbalimbali, waliotengwa na makaburi ya babu zao, walivyopata kuwa mji mmoja. Jahazi ikamatwayo baharini imekaa mahali pa babu wa kwanza katika nasaba yao. Kwa Mbotela kutekwa ndiko mwanzo wa ukoo, nako kwaelezwa hatua kwa hatua, kwa njaa yake na kamba zake.

Katika Maisha ya Tippu Tip kutekwa kwa wale wanawake wawili ni ufunguo wa mlango. Kasongo anapokubali, kazi yao imekwisha, na hawaulizwi tena, hata na wafasiri.