Kilichofichwa Chini ya Pikapu

Anayebuni pikapu hudaiwa mambo mawili yanayogombana. Nyuma lazima ibebe karibu tani moja ya saruji au magunia ya mahindi bila kulala, na pikapu hiyohiyo, ikirudi tupu, lazima ikanyage korongo kwa matairi yote manne. Springi ngumu hubeba, springi laini hukanyaga. Watengenezaji wa Hilux, Ranger, D-Max na Triton wote wamepewa mtihani huu mmoja, na majibu yao yako chini ya gari, mahali ambapo wanunuzi wengi hawainami kutazama.

Mimi huanzia springi za nyuma. Ni vyuma bapa vilivyopinda, vikapangwa kimoja juu ya kingine na kufungwa kwenye ekseli. Ubunifu huu ni wa kale, ulitumika tangu enzi za magari ya farasi, na bado sijaona kitu kinachofanya kazi nyingi hivyo kwa vipande vichache hivyo. Gari likiwa tupu, vyuma virefu vya juu hupinda karibu peke yao. Mzigo ukiongezeka, kile kinene cha chini kabisa, ambacho hadi hapo kilikuwa kimekaa tu, huguswa na kuanza kusaidia. Msuguano kati ya chuma na chuma nao hupunguza mtikisiko. Hakuna waya wala kompyuta. Umbo lenyewe ndilo linaloamua.

Toyota walipotoa Hilux mpya mwaka 2015 walirefusha springi hizo kwa milimita 100. Chuma kirefu hupinda kwa urahisi zaidi, hivyo tairi hushuka mbali zaidi kufuata shimo wakati tairi la pili limepanda jiwe. Hapo ndipo penye uhai wa pikapu porini, kwa sababu difu ya kawaida, yaani gia inayogawa mzunguko kati ya matairi mawili ya ekseli, hupeleka mzunguko kwenye tairi lisilo na upinzani. Tairi moja likining'inia hewani, litazunguka bure na mwenzake atasimama. Kufunga difu hulazimisha matairi mawili ya ekseli moja kuzunguka pamoja. D-Max ya kizazi kilichotoka 2019 ina kufuli hilo nyuma katika matoleo mengi. Pia kuna mfumo wa kielektroniki unaopiga breki tairi linaloteleza ili nguvu ihamie upande wa pili. Vyote viwili vinafaa, lakini kwangu ni dawa. Springi inayoliweka tairi chini ni kinga, nami naiheshimu zaidi.

Ford walifuata njia nyingine kwenye Ranger ya 2022. Waliisogeza ekseli ya mbele milimita 50 mbele zaidi, pua ikapata nafasi ya kuupanda ukingo wa korongo bila kuuchimba, kisha shokapu za nyuma wakazitoa nje ya reli za chasisi. Ndugu yake Raptor wakampa springi za koili nyuma, na anaruka mashimo kwa mwendo ambao ungetisha kwenye pikapu nyingine. Malipo yake ni mzigo: hafikishi hata kilo 800. Kwa mtu wa shamba, huo si ushindi.

Kazi ninayoistaajabia kuliko zote, hata hivyo, ni ya Mitsubishi. Gari likikata kona, matairi ya mbele hutembea njia ndefu kuliko ya nyuma. Katika mfumo wa kawaida, ukiweka magurudumu manne kuvuta, mbele na nyuma hufungwa pamoja; kwenye tope tofauti hiyo huishia katika utelezi, lakini kwenye lami kavu gia na shafti ndizo zinazoumia. Triton zenye mfumo wa Super Select zina difu ya katikati inayoruhusu tofauti hiyo, na dereva huifunga anapofika kwenye tope. Fikiria milima ya Usambara wakati wa masika: lami yenye kona kali kutoka Mombo hadi Lushoto, kisha udongo mwekundu unaoteleza, na mvua ikinyesha kote. Mwenye Triton ya aina hiyo hupanda na matairi manne yakivuta tangu chini. Tena matoleo ya 2015 hadi 2023 yaligeuka katika nusu kipenyo cha mita 5.9, jambo ambalo kwenye kona za mlimani humwepushia dereva kurudi nyuma karibu na bonde.

Anayebeba saruji kila siku kwenye njia mbovu, ningemwelekeza kwenye Hilux. Ambaye safari yake inachanganya lami na tope, aipande Triton kwanza kabla hajatoa pesa. Na popote atakapokwenda kununua, aombe gari lipandishwe juu, atazame springi.