Meno ya Kuukabili Mathenge

Mti wa mathenge hauogopi panga. Ukiukata juu ya ardhi unachipua upya, na mahali palipokuwa na shina moja unakuta kichaka kizima chenye miiba inayotoboa akala za tairi na gurudumu la bodaboda, na ikimchoma mtu kwenye kiungo humwachia uvimbe wa siku nyingi. Ukingo wa mto Turkwel unapopita Lodwar, laga (mto wa msimu) ya Kawalase, kingo za Tarach kule Kakuma, kote huko umevamia. Waturkana wanauita etirae. Ni mgeni kutoka Amerika ya Kusini na ya Kati. Hapa Kenya ulipandwa kwenye machimbo ya Bamburi, Mombasa, mwaka 1973, na kufikia miaka ya 1980 ulikuwa ukipandwa Turkana na Baringo ili ushike mchanga na uwape watu kuni. Kazi hiyo uliifanya, kisha haukujua pa kukomea. Wailchamus wa Baringo walifika Mahakama Kuu mjini Nairobi wakiwa na mbuzi aliyeng'oka meno kwa utamu wa maganda ya mti huu, na mwaka 2008 serikali ikautangaza kuwa gugu hatari.

Naandika kuwasifu watu wanaoukabili kila siku kwa mikono yao: vijana wanaosafisha uwanja wa shule, wanaofungua njia iliyozibwa, wanaoondoa matawi chini ya nyaya za umeme. Sifa zangu zinahusu hasa ile hatua ambayo wengi huiona ni ya dukani tu, yaani kuchagua mashine ya kukatakata matawi. Mimi naiona ni sehemu ya ufundi wenyewe. Anayejua kuichagua ameshaujua mti, mchanga, jua la Lodwar na bei ya kuni Kakuma. Asiyejua atanunua chuma kizuri kitakachosimama kwenye kivuli cha ofisi kikisubiri spea.

Tatizo la mkata mathenge ni lundo. Mti mmoja uliotawanyika ukishakatwa unaacha matawi yaliyosokotana, yasiyopangika kwenye gari wala kukanyagika. Sehemu ndogo huchukuliwa na wenye mifugo kuzungushia boma. Mengine huchomwa, na upepo wa alasiri wa Turkana si upepo wa kuamini na moto karibu na nyumba za makuti. Yakiachwa yanakuwa maficho ya nyoka, na maganda yaliyomo yanaota mvua ikinyesha. Kwa hiyo mtu anaanza kufikiria mashine, na muuzaji wa Nairobi anamuuliza swali la kwanza: unataka ya kumeza mti wa unene gani?

Fundi mwenye akili hujibu kwa kuanza na soko. Shina la mathenge lenye unene wa paja halipaswi kuingia kwenye mashine yoyote. Ni mti mzito, unaowaka polepole na kwa joto kali, na makaa yake hayana aibu mbele ya makaa ya mgunga. Shina hilo lina mnunuzi. Lililonyooka kidogo ni nguzo ya ua. Linalobaki baada ya panga na shoka kuchambua ni matawi membamba, mengi yasiyozidi mkono wa mtu mzima. Hesabu hiyo peke yake inapunguza ukubwa wa mashine unayohitaji, na pamoja nao bei, uzito na kiu ya dizeli. Nimeona watu wakitamani mashine ya kumeza gogo la sentimita 30 kwa sababu tangazo lake linapendeza. Turkana hakuna mtu wa kulisha gogo la sentimita 30 kwenye mashine huku mama mwenye punda anasubiri kulinunua.

Lakini mdomo uwe mpana. Hapa ndipo vipimo vya kiwandani vinapomdanganya mnunuzi, kwa kuwa unene unaotajwa hupimwa kwa tawi bichi lililonyooka, na mathenge haujui kunyooka. Unapinda, unagawanyika pacha, kila pacha inapinda tena. Tawi la sentimita nane lenye panda mbili linagoma mlangoni, na kijana inambidi asimame kulipunguza kwa panga kila dakika. Ndiyo maana, kati ya aina mbili kuu za mashine hizi, mimi nasimama upande wa ile yenye ngoma. Ile ya sahani, ambayo visu vyake vimefungwa kwenye bamba zito la duara, ni nyepesi, rahisi kutengeneza, na vipande vyake hutoka vya ukubwa unaolingana. Kwa mikaratusi ya Kitale ningeichagua bila kusita. Ya ngoma ina visu vilivyofungwa kwenye silinda inayozunguka, inavuta kwa nguvu zaidi na inakubali vichaka vilivyokunjamana. Vipande vyake si sawasawa, na injini lazima iwe na nguvu zaidi. Kwa mathenge gharama hiyo inalipika.

Iwe na roli za kuvuta. Mashine ndogo zinazotegemea uzito wa tawi au msukumo wa mkono zinafaa bustani za watu wenye miti laini. Kwa mti wa miiba, kila msukumo wa mkono ni jeraha. Roli zikilishika tawi, mfanyakazi anarudi nyuma na kusimama kando, na mashine nzuri husimamisha roli zenyewe injini inapolemewa mpaka mzunguko urudi. Mlango wa kulishia uwe mrefu kuliko mkono wa mtu, na ile fimbo ya kuzimia iwe mahali ambapo hata kiuno kinaweza kuisukuma. Na kabla injini haijawashwa, shuka na shanga zibaki kwenye gari. Shuka iliyofungwa begani ni vazi la heshima Turkana yote, ila pindo lake likishikwa na tawi linaloingia, mwenye nalo hana hata nafasi ya kupiga kelele. Ovaroli ya kubana, glovu za ngozi zisizo na mikono mirefu inayopwaya, miwani, kinga ya masikio. Tawi liingie kwa kitako chake kwanza. Mambo haya kiongozi wa kikundi ayaseme kila asubuhi, hata kwa mzee aliyeyasikia jana.

Sasa mchanga. Ni adui mkubwa kuliko ugumu wa mti, na wauzaji hawautaji. Tawi likiburutwa kwenye laga, gome lake hubeba chembe zinazokula makali ya kisu kuliko mti wenyewe. Wakataji hodari hawaburuti. Wanabeba, au wanatandika turubai na kulundika juu yake, vitako vyote vikielekea upande mmoja. Kuwatazama wakifanya hivyo ni raha ya aina yake, maana kila tawi linawekwa tayari kwa mkono utakaolichukua baadaye. Wanajua pia kwamba mathenge mbichi hukatika kwa upole kuliko mkavu. Ukiuacha siku chache kwenye jua la Lodwar unakauka na kuvipiga visu kwa ukatili, kwa hiyo kinachokatwa alfajiri kisagwe kabla ya saa nne. Baada ya hapo joto linapanda kuelekea nyuzi 35 na zaidi, rejeta iliyoziba vumbi haipumui, na filta ya hewa inataka kupigwapigwa na kusafishwa. Uliza basi, unapoinunua: filta inafunguliwa kwa mkono, au kwa spana tano?

Visu ndivyo vinavyonifanya niwapende mafundi wa jua kali kuliko wahandisi wa mabrosha. Kisu kikiwa butu mashine haikati, inararua, na vipande vinatoka kama nyuzi. Kunoa kunahitaji subira. Ukikishika kisu mkononi na kukibana kwenye grenda inayokimbia, chuma kinapata moto, kinageuka buluu, na ugumu wake umekwisha. Utakinoa tena kesho na keshokutwa. Kinolewe taratibu, kwa maji, kwa pembe ileile kiliyotoka nayo kiwandani. Na visu vyote vipunguzwe kwa kiasi kimoja, kwa sababu kimoja kikibaki kizito ngoma inatetemeka na beringi zinakufa. Kisha nafasi kati ya kisu kinachozunguka na kile kisichozunguka ipimwe, wala isikisiwe kwa jicho. Mashine ambayo visu vyake vinafunguka kwa boliti zinazoonekana, na vinaweza kugeuzwa upande wa pili upande mmoja unapochoka, inamfaa mtu wa Lodwar kuliko ile yenye kisanduku cha elektroniki. Kitale iko karibu kilomita 300 kutoka Lodwar, na Kakuma iko mbali zaidi. Seti ya akiba ya visu, mikanda miwili na beringi vinunuliwe siku ileile ya mashine.

Kuhusu injini, kama biashara ina trekta au inaweza kukodi moja, ningenunua mashine inayozungushwa na shafti ya trekta. Injini ya trekta inajulikana na fundi yeyote, inavumilia, na siku isiyo na matawi inavuta tangi la maji. Asiye na trekta achukue ya dizeli inayovutwa na pikapu. Ya petroli iwe ya mwisho.

Kuna jambo moja ambalo mashine haiwezi kulijua, na mkataji analijua. Maganda ya mathenge yakiiva yana mbegu ngumu zinazopita tumboni mwa mbuzi na ng'ombe zikiwa hai. Hivyo ndivyo mti ulivyosafiri. Visu vya kukatakata matawi haviziponda zote. Mtu akisaga matawi yenye maganda na kutandaza vipande kwenye bustani ya shule, ameipanda shule mathenge. Maganda hukusanywa kwanza, na hayo yana mashine yake, kinu cha nyundo chenye chekecheo, kinachoyageuza unga pamoja na mbegu zilizomo. Taasisi ya utafiti wa misitu, KEFRI, imewahimiza watu kwa miaka mingi kuyasaga hivyo yawe chakula cha mifugo, na kwa kusaga huko mbegu hufa. Kikundi chenye pesa ya mashine moja tu, kikiniuliza, nitakiambia kisianze na ya matawi. Kianze na kinu hicho. Wakati wa akamu, kiangazi kinapobana, unga huo una mteja kila siku.

Na vipande vya matawi vitaenda wapi? Kakuma, kambi ya wakimbizi iliyofunguliwa mwaka 1992, na Kalobeyei, makazi yaliyoanza kupokea watu mwaka 2016, zimekuwa na kiu ya kuni tangu mwanzo, na kuni zimewagombanisha wenyeji na wakimbizi mara nyingi. Mtu angedhani vipande vitaiponya kiu hiyo. Havifai kwenye mafiga matatu. Vinafuka moshi na kuzimika. Vinahitaji jiko lililotengenezwa kwa ajili yake, au kubanwa viwe vibonge. Matumizi ya karibu zaidi ni bustani, kwenye viunga vya mboga ambako maji ni ya kuhesabu na mchanga unayameza. Vipande vikitandazwa juu hupunguza jua linalokausha udongo. Ila majani ya mathenge yana kemikali zinazozuia mbegu nyingine kuota, hivyo rundo lichanganywe na samadi ya mbuzi, liloweshwe, lioze kwanza. Na lisisogezwe hadi kwenye shina la mche, mchwa wasije wakapata daraja.

Ufundi wa kujua mti wa kuacha nao una wenyewe Turkana tangu zamani. Kando ya Turkwel na Kerio familia nyingi zina ekwar zao, kipande cha msitu wa mto ambamo migunga, ewoi, ni mali inayotambuliwa na majirani. Mtaalamu wa misitu Edmund Barrow aliandika juu ya utaratibu huo baada ya kufanya kazi Turkana katika miaka ya 1980, kipindi ambacho wengi walidhani wafugaji hawana habari na miti. Maganda ya ewoi huangushwa kwa fimbo ndefu, mbuzi wakala, na tawi hupunguzwa bila mti kuuawa. Mwenye mashine mpya ya kelele asiingie laga kabla hajakaa na wazee chini ya mti wao wa mikutano na kuonyeshwa ekwar ya nani inaishia wapi. Ndani ya kichaka cha mathenge mara nyingi mna mche wa ewoi au wa mti mwingine wa asili, edome, unaopigania mwanga. Mkataji mzuri huutafuta kwanza, huufunga kitambaa, ndipo anainua panga. Ustadi huo hauji na mashine yoyote, na bila huo ngoma na visu vitasafisha vyote kwa pamoja.

Kazi ya kisiki inabaki. Kikatwe chini ya uso wa ardhi, pale mizizi inapokutana na shina, kwa jembe na shoka, kazi ya jasho ambayo wateja hawapendi kuilipia. Kwa hiyo mkataba wa kusafisha Kawalase au uwanja wowote wa Kakuma uandikwe ukiwa na malipo mawili: ya kwanza siku vipande vinapotandazwa, ya pili wiki chache baada ya mvua, wakati kikundi kinaporudi bila mashine, na majembe tu, kung'oa kilichochipua.