Vioo vya Marina

Mwaka 1992, katika The Crying Game, mwongozaji Neil Jordan aliufanya mwili wa Dil kuwa siri ya hadithi nzima. Dil ni mwanamke aliyebadili jinsia, na Fergus, mhusika mkuu, anampenda bila kujua. Kamera inashuka, siri inafichuka, Fergus anakimbilia bafuni kutapika. Mtazamaji anafundishwa kuuona mwili ule kwa macho ya anayetapika.

Robo karne baadaye Sebastián Lelio wa Chile alikabili jambo hilohilo kwa ufundi mwingine. Una mujer fantástica (2017) inaanza na msiba: Orlando anafariki ghafla, na mpenzi wake Marina, naye mwanamke aliyebadili jinsia, mhudumu wa mgahawa na mwimbaji, anageuka mshukiwa. Polisi na familia ya marehemu wanataka kujua ana nini chini ya nguo. Lelio anajua kwamba hata sisi tuliokaa kwenye viti tunataka kujua, na hamu hiyo ndiyo chambo chake.

Chukua tukio la uchunguzi wa polisi. Marina anaamriwa avue, anapigwa picha. Waliomo chumbani wanaona. Sisi fremu inatunyima wanachokiona, inatubakishia uso wa Daniela Vega, anayemwigiza Marina. Tunauelewa udhalilishaji wote bila kuwa washiriki wake.

Halafu kuna vioo. Barabarani wanaume wamebeba kioo kikubwa. Kinayumba, na sura ya Marina inayumba nacho. Anajitazama, lakini kioo kiko mikononi mwa wengine. Baadaye Bruno, mtoto wa Orlando, na wenzake wanamkamata na kumzungushia selotepu usoni mpaka sura inapinda. Ni hoja ileile, safari hii bila kioo: wengine ndio wanaoamua Marina aonekane vipi.

Kuelekea mwisho yuko kitandani, uchi, ameweka kioo kidogo cha mviringo katikati ya mapaja. Pale macho yetu yalipokuwa yakinyemelea tangu mwanzo, tunakuta uso wake. Kioo kimepungua ukubwa, kimebadilisha mwenyewe: ameshakishika na kukiweka anapotaka yeye. Hatamki neno. Linganisha na The Danish Girl (2015), ambamo Lili, aliyeigizwa na Eddie Redmayne, anasimama uchi mbele ya kioo na kuyaficha maumbile kati ya mapaja. Kioo kile kinahesabu kasoro; cha Marina hakihesabu chochote.

Si kila kitu kimekaa sawa. Tukio la Marina kupambana na upepo mpaka mwili unalala mbele ni la kujionyesha, tulishaelewa. Lakini Vega, ambaye Lelio alimwita kwanza kama mshauri kabla ya kumpa nafasi ya Marina, analibeba hata hilo bila kutia chumvi.

Filamu hii ilipata Oscar ya filamu bora ya lugha ya kigeni mwaka 2018. Kwangu mimi, lile tukio la kitandani peke yake lingetosha kuipatia.