Mashahidi Wawili wa Kifo cha Yuda

Ukiufuata mto Tana kutoka Garsen hadi unapoingia baharini, wafika Kipini, na karibu na hapo pana kaburi lisemwalo kuwa la Fumo Liyongo. Katika utenzi wa Muhamadi Kijumwa wa mwaka 1913, shujaa huyo auawa na mwanawe mwenyewe kwa sindano ya shaba. Kikulacho ki nguoni mwako. Basi msomaji wa pande hizi haoni ugeni katika habari za Yuda Iskariote, aliyemwuza bwana wake kwa vipande 30 vya fedha. Linalomtatiza ni mwisho wa Yuda.

Injili ya Mathayo, sura ya 27, yasema kwamba Yuda alijuta, akazitupa fedha hekaluni, akajinyonga. Makuhani ndio walionunua shamba la mfinyanzi. Matendo ya Mitume, sura ya 1, yasema kwamba Yuda mwenyewe alipata shamba kwa ujira wa uovu wake, akaanguka, akapasuka matumbo. Hata jina la Shamba la Damu lina sababu mbili: huku ni damu ya Yesu iliyolipiwa, kule ni kifo cha Yuda.

Wafasiri wengine wamezishona habari hizi pamoja: alijinyonga, kamba ikakatika, akaanguka. Mshono huo ni dhaifu. Hautuambii nani alilinunua shamba, tena watupa habari ya tatu ambayo hakuna mwandishi aliyeisimulia.

Afadhali kila shahidi aseme lake. Mathayo atuonyesha dhamiri: msaliti akiri kosa, na waliomlipa wamgeuzia kisogo. Waona ni haramu kuzitia fedha zile katika hazina, lakini hawakuona haramu kuzitoa! Matendo hayataji majuto. Yatazama malipo, jinsi shamba la dhuluma lilivyokuwa mahali pa mauti.

Mwanafunzi asione haya kukiri kwamba habari hizi hazipatani. Kuificha tofauti si kuitetea imani. Mashahidi wote wawili wapatana katika neno lililo zito zaidi: msaliti alikuwa mmoja wa wale kumi na wawili, na fedha hazikumfaa. Mwana wa Liyongo naye hakuifaidi ahadi aliyopewa.